Kompyuta kuukuu: Jua kumbukumbu na kiwambo chake kabla ya kumlaumu fundi

WAHENGA walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Hata hivyo, si kila mzazi aliye na mtoto katika shule ya upili au chuoni anayeweza kumnunulia kompyuta mpya dukani. Wengi hutafuta iliyokwisha kutumika, na hapo ndipo mashaka huanza.

Mji wa Voi, ulio kwenye njia panda ya barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi na ile ya kwenda Mwatate na Taveta, hushuhudia mizigo ya kila aina ikipita kutoka bandari ya Kilindini. Miongoni mwa mizigo hiyo ni kompyuta zilizotumika kwa miaka kadhaa katika afisi za ng'ambo, kisha zikauzwa kwa bei nafuu. Nyingine hufika katika nyumba za Voi, Wundanyi na Taveta kwa njia tofauti. Mjomba aliye Nairobi amepewa mpya kazini, na ile ya zamani akampa mpwawe. Jirani anahama na hataki mizigo mingi. Shule inabadilisha mashine zake na kuuza zilizochakaa.

Mashine ya aina hii aghalabu haiji na kitabu cha maelezo. Aliyeitumia awali hayupo wa kuulizwa. Ikishawashwa, familia nzima ikiwa imeizunguka, malalamiko huwa mawili. La kwanza ni kwamba inajikokota kama lori lililojaa mzigo likipanda mlima wa Wundanyi. La pili ni kwamba picha kwenye kiwambo haieleweki: maandishi ni makubwa kupita kiasi, au yamevutwa kama mpira, au sehemu ya ukurasa haionekani kabisa.

Basi mwenye mali hukata kauli upesi. Ama ameuziwa gae, ama fundi amechomoa kitu ndani. Mara nyingi kauli hizo zote mbili huwa si za kweli. Mambo hayo yanahusu vitu viwili tu, yaani kumbukumbu na mpangilio wa kiwambo, na mwenye kompyuta anaweza kuvisoma mwenyewe kwa muda mfupi bila kulipa hata shilingi moja.

Meza na ghala

Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kuchanganya kumbukumbu na hifadhi. Muuzaji husema, "Hii ina mia tano," na mnunuzi huondoka ameridhika. Lakini mia tano ya nini?

Mfikirie mama anayeuza nyanya, kabeji na mboga kutoka milima ya Taita katika soko la Voi. Ana meza mbele yake na ana ghala nyuma. Vitu anavyouza kwa wakati huo viko mezani. Vilivyobaki viko ghalani. Ghala likiwa kubwa kiasi gani, kama meza ni ndogo, kila mteja atakayeuliza kitu kisichokuwepo mezani atamlazimu mama huyo kuondoka, kwenda nyuma, kurudisha kimoja na kuleta kingine.

Katika kompyuta, meza ndiyo kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM. Ghala ni diski. Ile mia tano ya muuzaji ni gigabaiti 500 za diski. Kumbukumbu huwa ndogo zaidi: gigabaiti 2, 4 au 8 kwa mashine nyingi za mitumba, na megabaiti 256 au 512 kwa zile kongwe zaidi. Gigabaiti moja ni megabaiti 1,024.

Kumbukumbu ikijaa, kompyuta haisimami. Huanza kutumia kipande cha diski kana kwamba ni meza. Kwa kuwa diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu, ndipo unaposikia mkwaruzo ndani ya sanduku, taa ndogo inapepesa bila kukoma, nawe unabonyeza kitufe na kungoja. Hiyo si kompyuta mbovu. Ni kompyuta yenye meza ndogo.

Tofauti nyingine ni kubwa zaidi kwa mwanafunzi. Stima ikipotea, kilichokuwa mezani hutoweka chote, ilhali kilichoko ghalani hubaki. Mtahiniwa wa somo la Kompyuta katika KCSE hufanya mradi wake mwenyewe, mbali na karatasi ya nadharia na ile ya vitendo. Akiandika kwa saa mbili bila kuhifadhi, kisha taa zikazimika mtaani, hakuna fundi wa Voi wala wa Nairobi atakayemrudishia kazi hiyo. Dawa yake ni kushikilia kitufe cha "Ctrl" na kubonyeza herufi S kila baada ya dakika chache.

Jinsi ya kuisoma kumbukumbu

Usitegemee karatasi iliyobandikwa juu ya mashine. Karatasi hubandikwa na binadamu. Iulize kompyuta yenyewe.

Katika mashine inayotumia Windows XP, peleka kipanya kwenye picha iliyoandikwa "My Computer", bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague "Properties". Kiasi cha RAM kimeandikwa chini ya ukurasa utakaofunguka. Katika Windows 7 na Windows 10, shikilia kitufe chenye alama ya Windows na ubonyeze kile cha "Pause". Kama kibodi haina kitufe hicho, bonyeza "Ctrl", "Shift" na "Esc" kwa pamoja, kisha ufungue sehemu ya "Performance". Hapo utaona kiasi cha kumbukumbu kilichopo na kiasi kinachotumika wakati huo. Windows 10 itakueleza pia ni nafasi ngapi za kuchomekea kumbukumbu zilizomo na ngapi zimejazwa.

Mashine kongwe kabisa, zile za miaka ya tisini, huhesabu kumbukumbu zinapowashwa. Nambari hukimbia juu ya kiwambo cheusi na kusimama. Ikisimama kwenye 65536, usishtuke. Hizo ni kilobaiti. Gawanya kwa 1,024 upate megabaiti 64.

Je, kiasi gani kinatosha? Hilo hutegemea programu. Windows 95, iliyotolewa mwaka 1995, ilihitaji angalau megabaiti 4. Windows XP ya mwaka 2001 ilitaka 64. Windows 7 ya mwaka 2009 ilitaka gigabaiti 1, na Windows 11 ya mwaka 2021 ikataka gigabaiti 4. Mwanafunzi apige hesabu: kutoka megabaiti 4 hadi gigabaiti 4 ni mara 1,024, katika miaka 26 tu. Tena hivyo ni viwango vya chini kabisa, vya kuiwezesha mashine kuamka, wala si vya kufanya kazi kwa raha.

Kwa hivyo kompyuta iliyokuwa ikienda mbio mwaka 2009 haijazeeka miguu. Imebebeshwa mzigo ambao haikuundiwa.

Nne ambayo si nne

Sasa tuje kwenye jambo linalovunja urafiki kati ya mafundi na wateja.

Chukulia mzazi wa Mwatate aliyenunua kompyuta ya gigabaiti 4. Anaipeleka kwa fundi ili iwekewe Windows upya. Inaporudi, anaikagua na kukuta imeandikwa kwamba inayotumika ni gigabaiti 3.2 tu. Je, fundi ameiba?

La. Kuna sababu mbili za halali. Kwanza, Windows za matumizi ya nyumbani zilizoundwa kwa mfumo wa biti 32 haziwezi kuhesabu anwani zaidi ya gigabaiti 4 kwa jumla, na baadhi ya anwani hizo hutengewa vifaa vingine vya ndani. Kinachobaki kwa kawaida ni kati ya gigabaiti 3 na 3.5. Kumbukumbu yote ipo, ila programu haiwezi kuifikia. Mashine hiyo hiyo ikiwekewa Windows ya biti 64, kama ubongo wake unaikubali, sehemu kubwa ya kilichopotea huonekana tena.

Pili, kompyuta nyingi za bei nafuu hazina kumbukumbu ya pekee ya kuchora picha za kiwambo. Hukopa kutoka meza ile ile. Ndiyo maana mashine ya megabaiti 512 huweza kuonyesha 448. Zile 64 zilizokosekana zimeazimwa na kiwambo.

Bila shaka wapo mafundi wasio waaminifu, kama walivyo katika kila kazi. Ukipeleka mashine ya gigabaiti 8 na ikarudi ikionyesha 4, una haki ya kuuliza. Lakini ili uulize kwa haki, lazima uwe ulisoma nambari kabla ya kuondoka nyumbani. Iandike kwenye karatasi pamoja na ukubwa wa diski, na umwombe fundi atie sahihi anapoipokea. Fundi mwaminifu hatachukia, kwani karatasi hiyo inamlinda yeye pia. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Kiwambo ni nukta tupu

Picha unayoiona kwenye kiwambo imeundwa kwa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Ukisikia 800 kwa 600, maana yake ni nukta 800 kutoka kushoto hadi kulia na 600 kutoka juu hadi chini. Viwango vya zamani vilivyoenea ni 640 kwa 480, kisha 800 kwa 600, kisha 1024 kwa 768. Vipakatalishi vingi vya mitumba vina 1366 kwa 768.

Kila nukta hutaka nafasi katika kumbukumbu ya picha. Kiwambo cha 1024 kwa 768 kina nukta 786,432. Kikionyesha rangi 65,536, kila nukta huchukua baiti mbili, na jumla huwa megabaiti 1.5. Kikitakiwa kuonyesha rangi zaidi ya milioni 16, kila nukta huchukua baiti tatu, na jumla hupanda hadi megabaiti 2.25.

Hesabu hiyo inaeleza kioja ambacho kimewasumbua wengi kwenye mashine za miaka ya tisini. Kama kadi ya picha ina megabaiti 2 pekee, ukiongeza rangi, nukta hupungua zenyewe, na ukiongeza nukta, rangi hupungua. Si jini. Ni chombo cha lita mbili kikikataa kupokea lita mbili na robo.

Katika mashine za karibuni zaidi, kumbukumbu ya picha si tatizo tena. Tatizo ni mpangilio. Kiwambo bapa kina idadi yake ya asili ya nukta, ile kilichotoka nayo kiwandani. Ukikilazimisha kutumia idadi nyingine, maandishi huwa na ukungu kama milima ya Taita asubuhi. Katika Windows XP, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye kiwambo, chagua "Properties", kisha "Settings". Katika Windows 7 chagua "Screen resolution", na katika Windows 10 "Display settings". Idadi inayofaa huwa imeandikwa "Recommended" katika hizo mbili za mwisho.

Ikiwa idadi kubwa kuliko zote unayopewa ni 800 kwa 600 au 1024 kwa 768 ilhali kiwambo ni kipana, usikimbilie kununua kiwambo kingine. Fungua "Device Manager" na usome jina lililo chini ya "Display adapters". Ukikuta "Standard VGA Graphics Adapter" au "Microsoft Basic Display Adapter", ujue kompyuta haijapewa programu ya kuendesha kadi yake ya picha. Hutokea mara nyingi baada ya Windows kuwekwa upya kwa haraka. Programu hiyo hutolewa bure na kampuni iliyounda mashine. Unachohitaji ni jina na nambari ya modeli iliyo mgongoni mwake.

Jambo hili si la urembo. Mwanafunzi aliyemaliza Kidato cha Nne huomba nafasi ya chuo kupitia mtandao wa KUCCPS na mkopo kupitia HELB. Mzazi hutafuta huduma za serikali kwenye eCitizen na kujaza ripoti ya ushuru kwenye iTax. Kiwambo kikiwa cha 800 kwa 600, kitufe cha mwisho cha kutuma fomu chaweza kuwa kimejificha nje ya ukingo. Kuna anayeamini ametuma kumbe bado, na siku ya mwisho ikampita.

Mwenye macho dhaifu naye asipunguze nukta ili herufi ziwe kubwa. Aache nukta zilivyo, kisha aongeze ukubwa wa maandishi kutoka asilimia 100 hadi 125 au 150 kwenye ukurasa ule ule wa "Display settings" katika Windows 10. Herufi zitakua na zitabaki safi.

Kwa viwambo vile vya zamani vyenye kisogo kama runinga, kuna jambo la ziada: ni mara ngapi kwa sekunde picha huchorwa upya. Ikichorwa mara 60, wengi huona kiwambo kikipepesa, na kichwa huanza kuuma. Kama kiwambo kinakubali, panda hadi 75 au 85. Viwambo bapa havina shida hiyo. Viache kwenye 60.

Kiwambo kikitiwa giza

Hofu kubwa ya anayebadilisha mpangilio ni kwamba kiwambo kitazima asijue la kufanya. Ukibadilisha, Windows hukuuliza kama unataka kubaki na ulichochagua. Kiwambo kikiwa cheusi, usiguse chochote. Baada ya sekunde 15 hivi, hujirudisha kilivyokuwa.

Ikiwa umepewa mashine ambayo tayari inaonyesha maneno "Out of range", maana yake inatuma picha ambayo kiwambo chako hakiwezi. Katika Windows XP na Windows 7, izime, iwashe, na ubonyeze kitufe cha F8 mara kwa mara kabla alama ya Windows haijatokea. Chagua "Enable VGA Mode" kwa XP au "Enable low-resolution video" kwa Windows 7, kisha urekebishe polepole. Kwa mashine za karibuni, azima kiwambo kingine cha jirani, kichomeke, upange upya, kisha urudishe chako.

Vumbi jekundu na unyevu

Anayeishi Voi hahitaji kuelezwa juu ya vumbi. Ni udongo ule ule mwekundu unaowapaka rangi ndovu wa Tsavo. Vumbi hilo huingia kwenye feni, joto hupanda, na kompyuta hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Mwenye nayo hudhani kumbukumbu imepungua, kumbe inahema. Juu milimani kwenye baridi na unyevu, tatizo huwa ni meno ya shaba ya kumbukumbu kupata kutu nyembamba. Ukiwasha na kusikia milio mfululizo bila picha, huenda kumbukumbu haijakaa vyema.

Anayethubutu kuifungua azime kwanza, achomoe waya wa stima, na kwa kipakatalishi aondoe betri kama inatoka. Aguse chuma cha sanduku ili kutoa umeme tuli mwilini, hasa wakati wa kiangazi hewa ikiwa kavu. Kumbukumbu hutolewa kwa kufungua vishikizo vya pande zake. Meno yake hufutwa taratibu kwa kifutio safi cha penseli, kisha hurudishwa hadi vishikizo vijifunge. Lakini sanduku dogo la chuma linaloingiza stima lisifunguliwe kamwe na asiye fundi, wala kiwambo cha kisogo. Ndani yake hubaki umeme unaoweza kuua hata baada ya kuchomolewa.

Ukitaka kuongeza kumbukumbu, fahamu kwamba aina zake hazibadilishani. DDR2, DDR3 na DDR4 zina pengo mahali tofauti, na ya kipakatalishi ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani. Njia salama ni kubeba ile ya zamani unapokwenda dukani, uifananishe. Ulizia pia kiwango cha juu ambacho mashine yako inakubali, kwani ya zamani haiwezi kujazwa bila mwisho.

Kabla ya kutoa pesa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukienda kununua, omba mashine iwashwe mbele yako. Soma kumbukumbu, soma diski, soma idadi ya nukta. Fungua kurasa tatu au nne kwa pamoja, kisha utazame sehemu ya "Performance". Ikiwa kumbukumbu imejaa wakati hujafanya lolote la maana, utakuwa na kazi ya kuongeza, na gharama hiyo iondolewe kwenye bei mnayopatana.

Uliza pia ni Windows gani. Microsoft iliacha kuitengenezea XP kinga mwaka 2014, na Windows 7 mwaka 2020. Windows 10 iliachwa kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya XP bado yaweza kumfunza mtoto kuandika na kupiga hesabu, lakini isitumiwe kwa mambo ya benki wala nywila za siri. Zipo programu za Linux zisizolipiwa ambazo huwa nyepesi kwa kompyuta zenye kumbukumbu ndogo, na kinga zake huendelea kutolewa.

Mwisho, kata kipande cha karatasi, andika aina ya Windows, kiasi cha kumbukumbu, ukubwa wa diski na idadi ya nukta za kiwambo, kisha ukibandike upande wa chini wa mashine. Siku itakapoleta kero, au siku mtoto atakapoibeba kwenda nayo chuoni, yeyote atakayeishika hataanza kwa kubahatisha.